Lidia wa Sita

Katika madaftari ya ubatizo ya parokia ile kulikuwa na akina Lidia Kapinga sita, na Marselina, katibu wa ofisi, aliwajua wote kwa sura. Kompyuta ndiyo haikuwajua. Kwa hiyo alipokuwa akizipiga picha kurasa za madaftari na kuziweka kwenye tovuti ya parokia, ili mtu asisafiri tena kutoka mbali kufuata cheti, kila faili alilipatia jina kama watu wanavyojieleza dirishani kwake: mtoto wa nani, kalelewa na nani. La Lidia wa sita aliliandika hivi: lidia-wa-marehemu-theresia-kalelewa-na-walburga.

Lidia mwenyewe hakuwa akijua kwamba Walburga si mama yake mzazi. Theresia alifariki siku nne baada ya kumzaa. Walburga, dada wa marehemu, akamfunga mtoto mgongoni, na kwa miaka ishirini na mitano hakuna mtu pale kijijini Mkumbi aliyemtamkia binti huyo neno. Sasa alikuwa anaolewa, na cheti cha ubatizo kilihitajika. Walburga alikuja ofisini akaomba jambo moja tu.

"Mama Marselina, usimpe cheti mpaka nimwambie kwa mdomo wangu."

Marselina akakubali.

Jumanne asubuhi simu ikaita. Alikuwa Florian, mchumba wa Lidia, mwalimu kule Lipingo ziwani, ambaye naye alibatizwa parokia hiyo hiyo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Cheti chako kimefika?"

"Linki ilifika, ila ilikatika kwenye meseji, haikufunguka. Jana nikafuta ule mwisho wa anwani, nikabonyeza. Mama, imeniletea folda nzima. Majina ya watu wote."

Marselina akakaa.

"Ukasoma?"

"Nilikuwa natafuta langu. Nikaliona na la Lidia. Sikulifungua. Lakini jina lenyewe limeshasema."

"Umemwambia?"

"Hapana, mama. Si langu la kusema. Nimekupigia wewe kwanza, maana naye anaweza kubonyeza kama mimi."

Marselina alifunga ofisi akaenda mjini Mbinga kwa Nazari, fundi aliyewatengenezea tovuti. Nazari alitazama, akajikuna kichwa.

"Folda ikikosa ukurasa wake wa mbele, seva inaorodhesha kila kilichomo. Kuna mahali pa kuikataza. Sikuikataza."

"Ukaacha mlango wazi, ukaenda kunywa chai."

"Na wewe, mama, ukaandika ukoo mzima kwenye jina la faili."

Wakacheka kidogo, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na lake.

Nazari akaongeza mstari mmoja kwenye mipangilio ya seva, kisha akaifungua folda kwa simu. Ikakataa. Akaanza kukusanya vitu vyake.

"Ngoja," alisema Marselina. "Nikiandika jina zima la faili?"

Akaliandika kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi. Ukurasa wa daftari ukafunguka, na mwandiko wa bluu wa padri wa zamani.

Nazari akavuta kiti tena. "Hapo umenishinda. Orodha imefichwa, ila faili bado liko wazi kwa anayejua jina lake." Akaihamisha folda yote, akaitoa kwenye sehemu inayofikiwa mtandaoni. Vyeti vingetumwa kimoja kimoja kutoka ofisini. Mwisho akafungua kumbukumbu za seva, ambamo kila anayeingia huandikwa. Ukiwaacha wao wawili, orodha ilikuwa imefunguliwa mara moja, kwa simu moja. Simu hiyo ilifungua faili moja tu: la Florian.

"Kijana kasema kweli," alisema Marselina.

Mchana huo alipanda pikipiki hadi Mkumbi. Walburga alikuwa akichambua kahawa kwenye kichanja. Marselina akamweleza yote, na kosa lake la majina hakuliruka. Mikono ya Walburga haikusimama, mbovu akizitupa chini.

"Kwa hiyo mkwe anajua, mwenyewe hajui."

"Ndiyo."

"Na kanyamaza kwa ajili yangu." Akatupa nyingine. "Mtoto wa watu huyo, nisimwanzishie ndoa kwa siri ya kumficha mkewe. Cheti unacho?"

Marselina alikuwa nacho kwenye bahasha. Walburga akanawa mikono, akakitoa, akaweka kidole kwenye jina la Theresia. Kisha akapiga simu.

"Lidia, njoo nyumbani kesho. Hapana, siumwi. Kuna karatasi yako, nataka nikupe mwenyewe."

Ijumaa Lidia alifika dirishani kwa Marselina, macho yamevimba, kitenge cha Walburga mabegani. Alikuja kuandikisha tangazo la ndoa, litakalosomwa kanisani Jumapili.

"Mtoto wa nani?" Marselina aliuliza taratibu, kama anavyowauliza wote.

"Wa marehemu Theresia," alisema Lidia. "Na wa Walburga. Uwaandike wote wawili, mama, padri awasome wote wawili."

Marselina akaandika. Faili la kwenye kompyuta alikuwa ameshalibadilisha jina, likabaki na namba tu.