Ianze Kuita kwa Nani

Kaka yangu na mdogo wangu wa mwisho walikuwa hawasemezani, mwaka wa pili sasa, na sababu ni ngazi. Ngazi ya aluminiamu iliyosahaulika kwa mteja. Kila mmoja aliapa kwamba aliyeisahau ni mwenzake, na tangu siku hiyo walichotaka kuambiana kilipitia kwangu. Vyumba vyao vimetenganishwa na ukuta wa mbao mwembamba, mmoja akipiga chafya mwingine anatafuta leso. Hata hivyo ni mimi niliyetoka mezani, nikaingia chumba cha kushoto nikaambiwa, "Mwambie huyo bwana, kesho gari nalichukua mimi," kisha nikaingia cha kulia nikajibiwa, "Mwambie nimesikia." Amesikia! Sasa mimi miguu yangu nilikuwa naichosha kwa ajili ya nani?

Kazi yetu ni kutengeneza mashine za baridi: friji za maduka, vyumba vya baridi vya hospitali, vitu vya namna hiyo. Ofisi ni ndogo lakini simu zilikuwa sita. Kaka alikuwa na laini mbili, Mdogo akaona asizidiwe, naye akaweka mbili. Yangu ilikuwa moja hapo mapokezi, na ya sita ilikuwa stoo, ikiyaitia maboksi. Mteja akimpigia Kaka kuulizia kazi ya Mdogo, aliambiwa amekosea namba, na simu ikakatwa.

Aliyechoka kabla ya wote ni mkuu wa stoo ya dawa wa hospitali kubwa, mama mmoja mwenye sauti ya mwalimu wa zamu. Tulimwita Mama Stoo, kwa siri. Alikuja mwenyewe, akakataa kiti.

"Nimepiga namba zenu zote sita," alisema. "Tatu zimenikatia. Mbili hazikupokewa. Moja kapokea dada huyu, akaniambia nisubiri aende akaulize. Sasa sikilizeni. Nataka namba moja. Kuanzia Ijumaa, nikipiga nijibiwe hapo hapo na mtu anayejua anachosema. La sivyo natafuta mafundi wengine, na wapo tele."

Hospitali ile ni nusu ya kazi zetu. Ikituacha tunafunga ofisi, na mimi nitabaki na ndugu wawili wasio na kazi, tena wasiosemezana. Usiku huo sikupata usingizi.

Fundi wa simu alikuja Jumatano, mtu mzima, mwenye kitambi na subira. Akatueleza kwamba laini zote sita zinaondolewa, inakuja moja ya kidijitali yenye namba moja, na inaweza kubeba simu kadhaa kwa pamoja. Itaingia kwenye mtambo mdogo ukutani, na mtambo ndio utakaozigawa simu mezani kwetu. Alikuwa na swali moja tu.

"Simu ikiingia, ianze kuita kwa nani?"

Jamani, afadhali angeuliza nani arithi nyumba.

"Kwangu," alisema Kaka. "Mimi ndiye mkubwa."

"Dada, muulize huyo bwana," alisema Mdogo, "mteja anapiga simu kutafuta umri au kutafuta fundi?"

Fundi akaweka kwa Kaka. Saa nne Mdogo akamvizia kwenye mtambo, akambembeleza, ikawekwa kwake. Saa sita Kaka akagundua. Alhamisi asubuhi Kaka alikuja na hoja mpya, kwamba aanze yeye kwa sekunde mbili tu, ili heshima ipatikane. Mara tano fundi wa watu alipanda juu ya kiti kuufungua mtambo, maana ngazi, kama unavyojua, hatuna.

Mwishowe akaja kwangu anafuta jasho. "Dada, hawa ni maadui wa siku nyingi?"

"Ni ndugu, tumbo moja."

"Basi nianzie kwako, yaishe."

"Ukianzia kwangu nitatembea na ujumbe mpaka nizeeke," nilimwambia. "Hebu niambie. Inawezekana simu ziite kwao kwa pamoja, na wote wakiinua, wote waingie humo humo na mteja, na mimi pia nikiinua yangu?"

Alinitazama. "Inawezekana. Lakini hakuna mtu anayetaka kitu hicho."

"Mimi nakitaka."

Ijumaa, saa tatu na nusu asubuhi, simu mbili ziliita kwa mpigo mmoja pande mbili za ukuta. Wakainua pamoja kama waliohesabiwa moja, mbili, tatu. Nami nikainua yangu polepole, nikaziba mdomo kwa kiganja.

"Haloo!" walisema wote.

"Chumba cha chanjo kinapanda joto," alisema Mama Stoo. Haikuwa sauti ya kutupima, alikuwa na hofu. "Feni ya ndani imesimama. Nina chanjo za watoto humu. Mnakuja au hamji? Kifaa mnacho?"

Yanayohusu mashine ile alikuwa nayo Mdogo kichwani. Vilivyomo kabatini, na funguo za kabati, vilikuwa kwa Kaka.

"Humo ndani mko wangapi?" aliuliza Mama Stoo.

"Mmoja," alisema Kaka.

"Wawili," alisema Mdogo.

"Dada!" Kaka alipaza sauti, nikaisikia kwenye simu na ukutani. "Njoo umuulize huyo bwana, feni ya kile chumba ni ipi!"

Miguu yangu ilishaanza kuinuka yenyewe kwa mazoea. Nikayashika magoti, nikabaki kwenye kiti. Kama nimekosea, basi hospitali imekwenda, na mimi ndiye nimeifukuza.

"Mama," alisema Mdogo kwenye simu, "tafadhali mwambie huyo anayeuliza..."

"Nimwambie mimi?" alifoka Mama Stoo. "Niko hospitali! Nyie mko ofisi moja! Joto linapanda hapa naliona kwa macho!"

Kaka akakohoa. "Feni ya kile chumba ni ipi?"

"Anaulizwa nani?" alisema Mdogo.

Nikasikia Kaka anavuta pumzi. Alipoitoa, sauti ilikuwa ya zamani, ile ya kutuita tukale.

"Nakuuliza wewe, mdogo wangu."

Mdogo akajibu mwenyewe.

"Ile fupi, Kaka. Yenye mapanga matano."

"Ninayo. Kabati la pili. Twende."

Viti vilivutwa pande zote mbili. Walipita mbele ya meza yangu wakisukumana mlangoni, mmoja na boksi, mwingine na mfuko wa spana, wala hawakunitazama. Kwa mara ya kwanza baada ya siku zote zile, hakuna aliyenituma. Nikaanza kulia hapo hapo, na simu bado iko sikioni.

"Haloo?" alisema Mama Stoo. "Wameondoka?"

Nikachungulia dirishani. Walikuwa kila mmoja kashika mlango wa dereva, nyuso zimekaribiana, wanapayuka mpaka wapita njia wanageuka.

"Bado kidogo, mama," nilisema. "Wanagombana."

"Mungu wangu! Na wewe mbona unalia?"

"Wanagombana wenyewe, mama. Wao kwa wao."