Kuyaaga Mawe ya Gozo

Filomena alikuwa amezaliwa Gozo, kisiwa kidogo cha Malta, na kuzeekea Gozo, lakini mambo ya kukodolea macho mapango na mawe ya kale aliwaachia wageni. Yeye alikuwa na lesi zake za kufuma, kanisa lake na kuku wake. Ndiyo maana moyo ulimshuka asubuhi ile mwanawe Wistin, aliyekuwa amefika juzijuzi kutoka Melbourne, alipoegesha gari la kukodi mlangoni na kusema, "Mama, vaa viatu vya kutembelea. Leo tunazunguka kisiwa kizima."

Ananipeleka kuaga, alijiambia. Hakuna maana nyingine.

Tangu mumewe Nardu afariki, kila Jumapili Wistin alikuwa akimwambia kwenye simu kwamba hawezi kumwacha peke yake, kwamba Australia kuna chumba kinamsubiri. Naye, kwa kuchelea kumvunja moyo mtoto, alikuwa akijibu, "Sawa mwanangu, Mungu akipenda." Alijibu hivyo mpaka jambo likawa kama limeshakatwa shauri, na hakuna aliyelikata. Alipokuwa peke yake aliwaza kufia mahali ambapo hakuna hata mtu mmoja anayejua jina la utani la ukoo wake.

Walianzia kwenye mahekalu ya Ġgantija. Wistin aliweka kiganja juu ya jiwe kubwa kuliko mlango wa kanisa.

"Haya waliyabebaje, Mama?"

"Babu yako alisema ni jimama moja tu lililobeba yote, mtoto begani, huku linatafuna maharage."

Wistin alicheka, lakini macho yalikuwa mekundu. Ananihurumia, Filomena aliwaza. Alipoona mwanawe ametangulia, naye akaligusa jiwe harakaharaka, kama mtu anayeiba, akalinong'oneza kwaheri.

Walipita pwani ya kaskazini, palipochongwa vidimbwi vya kuvunia chumvi mwambani, halafu wakateremka hadi ghuba ya Dwejra. Pale lilikuwapo tao kubwa la mawe lililosimama baharini mpaka dhoruba ilipoliangusha. Wistin alisimama akitazama mahali patupu.

"Habari zilinifikia nikiwa kazini," alisema. "Nililia, Mama. Mbele za watu."

"Ulililia jiwe?"

"Nilililia jiwe."

Filomena alitaka kumuuliza zaidi, ila Salvu alishawaona. Salvu alikuwa mzee mwenye mashua aliyesoma pamoja na marehemu Nardu, na mdomo wake haukujua kupumzika.

"Filomena! Jua leo limechomoza upande gani? Mwanamke wa nchi kavu kaja baharini!"

"Nyamaza wewe, endesha. Ukinilowesha nitakusemea kwa mkeo."

"Mke wangu atakupa zawadi!"

Mashua iliondoka kwenye ziwa dogo la maji ya chumvi, ikapenya kwenye ufa mwembamba unaotoboa jabali mpaka bahari kuu. Huko nje Salvu aliwaingiza pango moja baada ya jingine. Maji yalikuwa ya buluu mpaka mikono yao ikaonekana ya buluu, na pale maji yalipolamba mwamba palikuwa na rangi ya zambarau. Filomena alishangaa kujikuta anapenda. Miaka yote hii, kumbe kitu chenyewe kiko nyuma ya kilima!

Wakati wa kurudi mawimbi yalikuwa yamenyanyuka. Walipofika katikati ya ule ufa, injini ilikohoa, ikanyamaza.

"Kamba ya wavu," Salvu alisema, na safari hii hakutania. "Imejisokota kwenye rafadha ya injini. Wistin, shika kasia, tuzuie tusigonge mwamba!"

Wimbi liliwabeba, likawasukumia ukutani. Wistin alikita kasia kwenye jiwe, akasukuma kwa nguvu zote. Salvu alilala kifudifudi nyuma ya mashua, kisu mkononi, mkono ndani ya maji mpaka begani. Filomena alipiga magoti chini, maji yakimwingia viatuni, akamwita Bikira Maria wa kanisa la Ta' Pinu kwa sauti yake yote.

"Mama Mtakatifu, nitoe humu! Nitoe, lakini usinipeleke Australia!"

"Australia," kuta zikaitikia.

Wistin aligeuka. Kasia nusura limponyoke. "Mama! Umesemaje?"

"Umenisikia! Siendi! Nizame hapahapa, angalau watanizika karibu na baba yako!"

"Nani anakupeleka Australia?"

"Kwani si wewe!"

"Mimi mwenyewe sirudi huko!"

"Ninyi watu!" Salvu alifoka. "Mtapatana mkitoka! Sukuma, Wistin, sukuma!"

Wistin alisukuma. Kamba ilikatika, injini ikaguruma, na mara wakajikuta kwenye ziwa tulivu, juani, kati ya watoto waliokuwa wakiogelea.

Waliketi kwenye kokoto wakitiririka maji.

"Nimeacha kazi," Wistin alianza. "Ndoa unajua iliishaje. Ile nyumba niliyokuwa nikikuitia ilikuwa inanimeza, Mama. Mwishowe nilikuja nikitaka kubaki, nikakukuta umeshakunja nguo za safari. Nikadhani una hamu ya kwenda. Leo kila tuliposhuka garini nilitaka kukwambia, nikashindwa. Na watu nao watasema Wistin karudi mikono mitupu."

"Watu!" Filomena alitema mate pembeni. "Wape wiki moja, watapata jingine. Mimi nimeshampa jirani yetu Ġuża kuku wangu."

"Kuku wote?"

"Wote. Mpaka jogoo."

Wistin alianza kucheka, naye Filomena akacheka, wakacheka mpaka wakashikana mabega wakilia. Salvu aliwaletea mkate wa duara wenye jodari na nyanya. Aliwatazama, akatikisa kichwa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akaondoka bila neno.

Baadaye, garini, Wistin alisema apumzike kidogo kabla ya kuendesha. Alilala palepale, mkanda kifuani, mdomo wazi, kama alivyokuwa akilala utotoni. Filomena hakumwamsha. Alivua viatu vilivyolowa, akaweka miguu dirishani ipigwe na jua, akaumalizia mkate wa mwanawe taratibu, huku akiitazama bahari.