Fundi Asiyetaka Kuelezwa

Mjomba alikuwa na sharti moja kwa kila mteja: usimweleze cherehani yako inaumwa nini.

Sharti hilo lilikuwa limeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye ubao juu ya mlango: WEKA CHEREHANI, NYAMAZA. Wageni walidhani ni utani. Walikuwa wakianza tu, "Fundi, hii tangu juzi inakata uzi, halafu..." mjomba anainua kiganja kama askari wa barabarani. "Mwache mgonjwa aseme mwenyewe." Kisha anachukua bisibisi yake ndefu yenye mpini wa mti, ncha anaigusisha kwenye mwili wa mashine, mpini anauuma kwa meno, anafumba macho na kuzungusha gurudumu polepole. Dakika moja, mbili. Akiuachia ule mpini, ugonjwa ameshaujua.

Watu walipenda mno. "Huyu hasikilizi binadamu, anasikiliza chuma," walisema, na walikuja kutoka mbali na cherehani zao, wakiwapita mafundi wengine wawili njiani, ili tu waje kunyamazishwa na mjomba. Wakambandika jina la Bisibisi.

Mimi ni mtoto wa dada yake. Nilipomaliza shule ya msingi na ya mbele ikashindikana, alimwambia mama, "Nipe huyo, ana macho." Kazi yangu ikawa kupokea mashine, kuzifungua, kuosha vyuma kwa mafuta ya taa na kuvipanga kwenye sinia kwa mfuatano ule ule niliovitoa. Ukipanga skrubu miaka minne, unazoea kuona kitu kilichohama mahali pake.

Ndivyo nilivyoona la mjomba, na si kwa siku moja. Kwanza aliacha kuimba. Kisha redio: iliweza kukoroma katikati ya stesheni mbili tangu asubuhi hadi mchana, asinyooshe mkono. Halafu nikaangusha kopo zima la skrubu nyuma yake, kwenye sakafu ya saruji. Kishindo chake kilimleta kinyozi wa mlango wa pili mbio, mkasi mkononi. Mjomba akaendelea kupuliza vumbi kwenye bobini. Hakugeuka. Kinyozi akaniangalia. Nikasema, "Amezama kazini," nikainama kuokota.

Nikiwa pale chini ndipo nilipokielewa kile kibao. Kilikuwa na umri wa miaka mitatu tu. Kabla yake, wateja walikuwa wakieleza mpaka chai inapoa.

Sikumwambia mtu. Ningesemaje? Jina lote la mjomba lilikuwa kwenye kusikiliza.

Kinyozi naye ni mtu wa maneno. Kila asubuhi kabla hajafungua lazima aegemee mlango wetu amrushie mjomba moja. "Bisibisi, hilo shati umeazima kwa baba mkwe?" "Bisibisi, mbona uso umejikunja kama soli ya kiatu cha zamani?" Mjomba anatabasamu, anaitikia kwa kichwa. Kinyozi anaondoka akisema, "Mtu mpole huyu. Ukimtukana anakushukuru."

Sasa, mtaa wa nyuma yetu kuna kiwanda kidogo cha sare za shule, mashine ishirini na mbili, na msimamizi wake wanamwita Madamu, kwa heshima na kwa woga. Alikuwa anatafuta fundi mmoja wa kuzitunza zote, mwaka mzima. Mjomba aliitamani kazi hiyo tangu kiwanda kifunguliwe. Alikuwa ameshauondolea ukuta wa nyuma kila kitu ili tupigilie rafu za vipuri. "Tukiipata hiyo," aliniambia, "na wewe utakuwa na meza yako. Fundi na fundi."

Madamu alikuja siku ya Ijumaa. Hakuja na mashine, alikuja na maneno, na kwa maneno matupu kibao chetu hakikuwa na sharti. Akakaa kwenye stuli ya wateja, mgongo mlangoni, mwanga ukawa nyuma yake na uso wake wote giza. Mimi nilikuwa kwenye beseni la mafuta ya taa.

"Unaweza kuanza wiki ijayo?"

Mjomba akaitikia kwa kichwa.

"Jumatatu na Alhamisi?"

Akaitikia. Nikapumua.

"Ila nimesikia kwako hakuna kueleza. Wasichana wangu wanazijua mashine zao. Utawasikiliza, au na wao utawanyamazisha?"

Mjomba akatabasamu, akaitikia.

"Utawanyamazisha?"

Akaitikia tena, kwa adabu kabisa.

"Na mimi?"

Kichwa kikashuka, kikapanda.

Madamu akasimama, akakung'uta sketi. "Basi kaa na ukimya wako, fundi." Akatoka.

Ningeweza kumkimbilia. Nilibaki na kitambaa cha mafuta mkononi, kwa sababu ili nimweleze Madamu kwa nini, ningelazimika kukisema kile ambacho hata mjomba mwenyewe hajakisema. Naye alinigeukia na uso wa mtu aliyeshinda bahati nasibu. "Amekubali, siyo?"

"Ameenda kufikiri, mjomba," nikasema, nikiwa nimeinua uso ili aone midomo. Huo ndio uongo wangu wa kwanza kwake.

Jumamosi nikaingia kwa kinyozi kuomba maji. Alikuwa na mteja kitini, mikono imejaa povu, na simu ameiegemeza kwenye kioo. Anaongea nayo. "Mke wangu, leo nitachelewa, usinisubiri." Na kila alichosema kinajiandika kwenye kioo cha simu.

Nikasahau maji. Maneno yalikuwa yanatoka moja baada ya jingine kama siafu shimoni, hayasukumani. Kilichonishika zaidi si kwamba yanatoka. Ni kwamba wakati mwingine mstari ulisimama, ukarudi nyuma, ukafuta neno uliloliweka vibaya, ukaweka lililo sawa, kisha ukaendelea kama mwanafunzi mwenye bidii asiyetaka kumuudhi mwalimu.

"Inajisahihisha!"

"Akili bandia hiyo," kinyozi akasema, kifua mbele kama ameiunda yeye. "Inanisikiliza kuliko mke wangu."

Mteja, kichwa nusu kimenyolewa, akadakia, "Basi iandikie na mimi. Sema, naomba nimaliziwe upande wa pili." Ikaandika hivyo hivyo, na nukta mwishoni. Tukavunjika mbavu.

"Niwekee na kwenye yangu, kaka."

"Ya nini? Una nani wa kumwandikia?"

"Niwekee tu."

Siku mbili niliipima kama ninavyopima uzi mpya. Niliiweka karibu na redio, nikaiweka mlangoni, nikaongea nikiwa nimeipa mgongo. Nikajua inataka itazame mdomo wa msemaji. Nikajua watu wawili wakisema pamoja inawachanganya. Na nikajua kituko chake kimoja: cherehani ikizunguka, inaandika neno moja ndani ya mabano, muziki. Nilicheka peke yangu. Kitu kinachojua kuweka nukta hakijui cherehani! Lakini nilikuwa nimeshakivulia kofia.

Jumanne asubuhi nikazikuza herufi, nikaiegemeza kwenye kikopo cha mafuta mbele ya mjomba, kioo kwake, tundu la sauti kwa mlango. Akaitazama kama anavyotazama kipuri kisicho cha mashine zetu. Kinyozi akafika, akaegemea.

"Bisibisi! Leo umeamka mwenyewe au umeamshwa na polisi?"

Maneno yakajipanga kwenye kioo cha simu. Mjomba akayasoma. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akasoma tena. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye sinia, nahesabu skrubu nisizozihitaji.

Kisha akainua uso. "Polisi walikuja kukuulizia wewe. Kesi ya vichwa vya watu."

Kitana kikamdondoka kinyozi. "Amenijibu! Jamani, miaka mitatu! Amenijibu!"

Mjomba akasoma na hilo. "Miaka mitatu umekuwa ukiniambia mambo kama haya?"

"Haya ni ya heshima. Mengine siwezi kuyarudia mbele ya huyu binti."

Mjomba akacheka mpaka machozi yakamtoka, na kicheko kilipokwisha machozi yakaendelea kidogo. Kinyozi akatazama simu, akamtazama mjomba, akanitazama mimi, na kitu kikamkaa kichwani. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikosa la kusema, na kioo cha simu kikabaki cheupe. Akaokota kitana chake, akaenda zake taratibu.

"Umejua lini?" mjomba akaniuliza.

Nikaielekea simu. "Siku ya kopo la skrubu."

"Kopo gani?"

Nikamwonyesha kwa kidole sakafu ya nyuma yake. Akakisoma kidole changu bila msaada wa simu.

"Na Madamu? Alisema nini hasa?"

Nikamwambia yote, sentensi kwa sentensi, na yeye akiyafuata kwa kidole.

"Nilikubali kumnyamazisha yeye mwenyewe?"

"Ndiyo, mjomba."

"Huku natabasamu?"

"Meno yote nje."

Akashika kichwa. "Wakijua," akasema, "nani ataleta cherehani kwa kiziwi anayejifanya anasikiliza?"

"Hujifanyi. Magonjwa yote unayapata. Mimi ndiye ninayezifungua, hujakosea hata moja."

Alisoma, akatazama ule ukuta mtupu wa nyuma. Kisha akapiga moyo konde. "Nenda kamwambie kwamba sikumsikia. Useme hivyo hivyo, usipambe. Na umwambie alete ile iliyowashinda wote."

Kiwandani Madamu alinisikiliza akiwa wima, kati ya mistari miwili ya mashine. "Kiziwi?" akasema. Mashine za karibu zikasimama. "Fundi wa kusikiliza, kiziwi?"

"Wa masikio, mama. Kwa meno anasikia."

Msichana mmoja nyuma akadakia, "Basi jino likioza tumekwisha!" Kiwanda kizima kikaangua kicheko. Nilisimama pale nikiwa nimekaza miguu, uso unaniwaka. Madamu hakucheka. Akaashiria kwa mkono mashine ziendelee.

Kesho yake asubuhi mkokoteni ukasimama mlangoni kwetu, mashine na meza yake juu, Madamu pembeni na yule msichana wa jino nyuma yake. Mjomba alikuwa ameshakigeuza kibao, maandishi yakatazama ukuta. Akawakalisha upande wa mwanga. Simu akaiweka katikati kwa mkono wake mwenyewe, mahali inapoonwa na kila mtu.

"Kosa la Ijumaa lilikuwa langu," akasema. "Masikio yangu yamekwisha. Hii inanisikilizia. Sasa elezeni."

Msichana akaanza kwa woga, kisha woga ukageuka mbio. Inaruka mshono, si wakati wote, akikimbiza ndiyo inazidi, wamebadilisha sindano, wamebadilisha mkanda, fundi mmoja kasema itupwe. Simu ilimfuata mguu kwa mguu, ikiteleza, ikirudi, ikijirekebisha. Mjomba akaweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Hapa. Umesema ilianza siku sindano ilipovunjika. Ile ncha mliipata?"

Msichana akamtazama Madamu. "Hatukuitafuta."

Mjomba akachukua bisibisi. Akauma mpini, akafumba macho, akazungusha. Simu ikaandika neno lake lile lile.

"Inasema muziki," Madamu akaninong'oneza, na sauti yake haikuwa ya mtu aliye tayari kutoa kazi.

Mjomba akazungusha polepole zaidi. Akarudisha nyuma. Akaachia meno. "Kila mzunguko, kitu kinagonga mara moja. Kidogo sana. Chini, kwenye njia ya bobini. Mwanangu, fungua."

Nikafungua. Nikatoa bamba, nikatoa kikombe cha bobini, nikavipanga kwenye sinia. Ndani kabisa, kwenye mfereji ambao kikombe huzungukia, kilikuwa kimejibana kipande cha chuma kifupi kuliko punje ya mchele. Nikakinasa kwa kibanio, nikakiweka kwenye kiganja cha Madamu.

Alikitazama. Akaitazama simu. Akainama mbele yake kama mtu anayeongea na mtoto, akasema polepole, "Jumatatu na Alhamisi."

Mjomba akasoma, na kichwa chake kikaanza kushuka. Kikasimama katikati.

"Ndiyo," akasema kwa mdomo. "Nitakuja na fundi wangu huyu."

"Na wasichana wangu?"

"Waeleze mpaka chai ipoe."

Kutoka upande wa pili wa ukuta kinyozi akapiga kelele, "Bisibisi, umepata kazi, sasa nunua shati!" Simu ikaidaka hata hiyo, mjomba akaunyooshea ukuta kidole, kama kumwambia asubiri jibu lake.

Nilirudisha vyuma vyote, nikatia tone la mafuta, nikachomeka waya. Msichana akaweka kitambaa, akakanyaga. Mashine ikakimbia moja kwa moja bila kuruka hata mshono mmoja. Kwenye kioo cha simu neno lile likajiandika ndani ya mabano yake: muziki.

Mjomba akalisoma. Akanyoosha mkono, akachukua bisibisi, akaweka ncha kwenye mwili wa mashine, akauma mpini na kufumba macho. Hapakuwa na ugonjwa tena wa kutafuta. Msichana alitaka kuondoa mguu, Madamu akamwashiria aendelee kushona.