Sifa za Barazani

Mjukuu wangu Hasna alinipa hadithi yake niipime kama inafaa kwenda kwenye mashindano ya shule. Elimu yangu niliipata darasa la usiku, baada ya kupakia mizigo bandarini mchana kutwa, na kusoma najua. Alimwandika marehemu mama yake akiparua samaki ufukweni Katonga, nikamwona binti yangu yuko hai.

Lakini kwetu Ujiji mtoto hasifiwi usoni, tunaogopa kijicho. Nikamwonyesha makosa tu, kumi na moja, nikamrudishia karatasi zake. Sifa nilizipeleka barazani, hadi wenzangu wakanitania: "Mzee Abdul, mjukuu mmoja tu kelele zote hizi!"

Wiki iliyofuata nikamkuta anaanika dagaa. Nikamuuliza matokeo.

"Sikuipeleka, Babu. Niliichoma jikoni."

"Umeichoma? Hadithi iliyonitoa machozi?"

Akanitazama kwa huruma, kama anayemtazama mgonjwa. "Basi, Babu. Usinidanganye ili nifurahi."

"Waulize wazee wa barazani!"

"Hao ni rafiki zako. Watasema unachotaka."

Akaendelea kugeuza dagaa. Nilisimama pale juani, sina shahidi mwingine.