Pakiti ya Kijani Juu ya Mashine ya Rangi

Pei-chun alikuwa ameicheka pakiti ile kwa miaka mingi, hivyo siku ilipomlazimu kuinunua, alijificha. Alizunguka hadi duka la nyuma ya hospitali, ambako muuzaji hamjui, akachukua pakiti ya kijani ya vitafunio vya mahindi, akaipindua asome tarehe ya kuisha, akalipa na kuondoka upesi kama mwizi aliyelipa kwa bahati mbaya.

Pale mjini Chiayi, mashine yoyote inayojiheshimu huwekewa pakiti hiyo kichwani: ya tiketi, ya benki, ya kupigia picha mifupa. Jina la vitafunio hivyo ni neno analoambiwa mtoto akitakiwa atulie, na mashine nazo, inasemekana, husikia. Lazima iwe ya kijani, kwa sababu ya manjano huleta kiburi. Isiwe imepitwa na tarehe. Na hailiwi, hata uwe na njaa ya namna gani.

Alipoingia maabara, mwenzake Bo-hsien, ambaye ndiye aliyekuwa akiitunza pakiti ya mashine yao ya kupaka tishu rangi, alimwona akiiondoa ile ya zamani na kuweka mpya. Pei-chun alikuwa ameiandika kwa kalamu nene: Tafadhali, leo usinifanyie utani.

"Kumbe na wewe ni wa kwetu," Bo-hsien akasema. "Na mimi nilidhani wewe ni mwanasayansi."

Siku nyingine angejibiwa jibu la kukumbuka mwaka mzima. Siku hiyo Pei-chun aliinyoosha tu pakiti ikae sawa, na Bo-hsien naye akaacha mzaha, kwa maana alijua tishu iliyokuwa ikisubiri ni ya nani.

Ilikuwa ya Chih-kuan, mdogo wake Pei-chun, nyama kidogo iliyonyofolewa kwenye utumbo mpana. Kwamba ni saratani, hilo lilikuwa limekwisha kujulikana. Swali lililobaki lilikuwa jingine: imejitokea tu, au ni ya ukoo? Ikiwa ya ukoo, basi haikumchagua Chih-kuan peke yake. Pei-chun, dada yake, naye huenda anatembea nayo, akifika kazini kila asubuhi na kifungua kinywa chake mkononi.

Daktari Tseng, mkuu wa maabara, alimshauri kazi ile amwachie Bo-hsien. Pei-chun alisema mikono ya Bo-hsien inanuka kitunguu saumu, akaichukua mwenyewe.

Alikata nta iliyoshika tishu, vipande vyembamba kuliko ngozi ya kitunguu, akaviacha vielee juu ya maji ya vuguvugu na kuvinasa kwenye vioo kimoja kimoja. Ndani ya seli za mtu wamo mafundi wanne wanaosahihisha makosa seli inapojinakili. Mashine hudondosha dawa ya kuwatafuta. Fundi akiwepo, kiini cha seli hugeuka kahawia, asipokuwepo hubaki bluu. Na fundi akikosekana ndani ya uvimbe, ndipo ukoo huanza kuulizwa maswali.

Ukoo wao ulikuwa na jibu lake zamani. Mama yao alikufa kwa tumbo hilohilo Chih-kuan akiwa bado shule, na mtaa mzima ukakubaliana kwamba kisa ni zile mboga za chumvi alizoshindilia mtungini na kuzigandamiza kwa jiwe. Shangazi walisema, majirani wakaitikia. Baada ya mazishi baba aliivunja mitungi yote uani. Tangu hapo Chih-kuan hakuitia tena mboga ile mdomoni. Hata kwenye tambi za supu aliiokota kwa vijiti, jani baada ya jani, akaiweka pembeni ya bakuli.

Mashine ilipomaliza, Pei-chun alikaa kwenye hadubini. Kioo cha kwanza, kahawia. Cha pili na cha tatu, kahawia. Akaanza kupumua. Cha nne kilikuwa bluu kama anga ya kiangazi, uvimbe wote.

Hakumngoja mtu. Alitoka ukumbini akampigia simu mdogo wake, aliyekuwa mkahawani akila wali wa bata mzinga, akamwambia fundi wa nne hayupo, ugonjwa ni wa kwao, wa damu.

Chih-kuan akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo si mboga?"

"Si mboga."

"Mama hakujiua kwa mdomo wake."

"Hapana, Kuan."

Alimsikia akiita mhudumu. Alikuwa akiagiza sahani ya mboga za chumvi.

Pei-chun aliporudi, Daktari Tseng alikuwa ameketi kwenye hadubini yake. Hakugeuka. Alimuuliza kama amewatazama majirani.

Hilo Pei-chun mwenyewe huwafundisha wanafunzi wa mazoezi, tena kwa kejeli: kabla ya kuuhukumu uvimbe, watazame majirani, yaani seli zenye afya zilizo kando yake. Hao wana mafundi wote, lazima wawe kahawia. Nao wakiwa bluu, basi kioo hakijasema kitu. Aliinama akatazama. Majirani walikuwa bluu, kila mmoja.

Chupa ya dawa ya nne ilikuwa tupu. Mashine yao ni ya zamani, haijui kulalamika. Sindano ilinyonya hewa, ikadondosha hewa, ikaendelea na safari. Kila asubuhi Pei-chun huinua chupa zote kwenye mwanga kabla ya kuziweka. Asubuhi ile alikuwa ameshughulika na pakiti.

"Iliandikiwa isifanye utani," Bo-hsien akasema taratibu. "Haikuandikiwa inywe nini."

Safari hii Pei-chun alicheka, ingawa machozi yalikuwa karibu. Tumaini lilikuwa limerudi. Akampigia tena Chih-kuan, akamweleza kwamba amekosea, kwamba hata majirani wa uvimbe ni bluu, na kipimo hakijasema lolote. Alitegemea afurahi.

"Sasa mama ana hatia tena?" mdogo wake akauliza. "Dada, nimeshamaliza sahani."

Pei-chun hakuwa amefikiri kwamba habari aliyoiombea ingemrudisha mama yao kizimbani.

Nta ilikuwa imebaki kidogo, inatosha jaribio moja. Bo-hsien alisimama kando wakati Pei-chun akikata. Chupa mpya aliiinua kwenye mwanga, akampa Bo-hsien naye aiinue. Pakiti hakuitazama.

Kioo kilipotoka alianza na majirani. Walikuwa kahawia safi, wamejipanga kama watoto mstarini. Katikati yao uvimbe ulikuwa bluu. Alikitazama muda mrefu, kisha akampisha Daktari Tseng, naye akatazama, akasema kipimo cha damu kitathibitisha, lakini yeye angeshaanza kuwaita ndugu. Ndugu mwenyewe alikuwa amesimama pale, amevaa glavu.

Simu ya tatu ilikuwa fupi.

"Majirani?" Chih-kuan akauliza kabla hajaambiwa kitu. Alikuwa amejifunza haraka.

"Kahawia."

"Na mimi?"

"Bluu."

Akashusha pumzi. "Basi mama hana kosa. Mimi nina dawa zangu za kufuata. Wewe unakwenda kupimwa lini?"

Pei-chun alisema kazi ni nyingi, mwaka mpya unakaribia, atapanga. Chih-kuan alimwambia kwamba mtu anayechungulia matumbo ya mji mzima akaogopa lake atachekwa hadi na bata mzinga. Kisha, bila utani, akasema: "Dada, mitungi ilivunjwa kwa kutojua. Wewe unajua."

Alikwenda wiki iliyofuata. Damu ilikuwa imekwisha kutolewa, majibu bado. Muuguzi alimlaza ubavu, akamfunika shuka, akavuta karibu mashine ya kamera ya tumbo. Juu yake palikuwa na pakiti ya kijani. Muuguzi alisema imeletwa na bwana mmoja mwembamba aliyeshuka kutoka chumba cha dripu, akakataa kuondoka mpaka iwekwe.

Mwandiko wa Chih-kuan ulikuwa mbaya kama zamani: Huyu ni dada yangu. Ni mkaidi, mvumilie. Mtazame vizuri, na majirani pia.

Dawa ya usingizi ilianza kumpanda. Pei-chun aliinua kichwa kidogo kutoka kwenye mto, akajitahidi kusoma tarehe ya kuisha. Ilikuwa bado mbali.