Piano ya Chumba cha Mwisho

Watu wakisikia mtu anasomea muziki chuo kikuu, hucheka kwanza, halafu ndipo huuliza. Mjomba wake Chiriku alicheka mpaka akashika mbavu. "Kusomea kuimba? Mbona ndege wanaimba bila cheti?"

Laiti angelijua! Ndege haambiwi avae nguo nyeusi na viatu vya kufunika vidole siku ya mtihani. Hatakiwi kumpa kila mtahini nakala yake ya noti, wala kujitafutia mpiga piano wa kumsindikiza, wala kusimama na kwaya ya chuo hata akiwa na homa. Zaidi ya yote, ndege hagombanii tawi. Wanafunzi wa muziki wanagombania vyumba vya mazoezi kama abiria wanaogombania kiti cha dirishani. Karatasi ya kujiandikisha ikibandikwa mlangoni asubuhi, ukija umekwisha kunywa chai yako taratibu unakuta imejaa majina ya wenzako wasiokunywa chai.

Chiriku alikuwa mnywaji wa chai. Jina hilo la ndege alipewa na mama yake, kwa sababu alianza kuimba kabla hajajua kusema "maji". Mama yake alikuwa akifua mashuka ya hospitali, kazi ya mvuke na mikono iliyochubuka, na katika chumba kile cha mashine zinazonguruma hakuna aliyekuwa hajui kwamba binti yake yuko chuo kikuu, anasomea sauti. Si kuimba. Sauti. Mama alilitamka neno hilo kama wengine wanavyotamka "udaktari".

Kwa kuwa vyumba vizuri vilimpita kila asubuhi, Chiriku alijikuta akifanyia mazoezi kile chumba cha mwisho, mkabala na pampu ya maji. Kilikuwa na unyevu, dirisha halifungi, na piano yake ilikuwa ya zamani, ubao wake umebanduka rangi kama kucha za mpishi. Lakini kilikuwa kitupu siku zote. Hakujiuliza kwa nini. Mwenye njaa hachagui, na yeye alikuwa na njaa ya nafasi.

Sasa lililokuwa mbele yake ni hili. Mwisho wa mwaka wa pili kila mwanafunzi wa sauti husimama peke yake mbele ya watahini na kuimba. Ukifeli unapewa nafasi moja ya kurudia. Ukifeli tena, unafungasha. Chiriku alikwisha kufeli mara moja, kwa ubishi wake mwenyewe: aliingia na mafua, akadhani ujasiri unazibua pua. Kwa hiyo safari hii hakukuwa na mlango wa nyuma.

Wimbo wake ulikuwa mrefu na mzuri, wa sauti ya kwanza, ile ya juu kabisa ya wanawake. Karibu na mwisho ulikuwa na noti moja iliyosimama juu ya nyingine zote, tena ya kushikiliwa. Na noti hiyo ilikuwa na kitimbi. Katika chumba cha mwisho ilitoka safi, tena kwa raha. Kwa mwalimu wake wa sauti, mama mmoja mnene mwenye miwani ya kamba ambaye wote walimwita Madamu, ilikatika. Kila wiki ilikatika palepale, kama uzi wa cherehani mbovu.

"Ukiwa peke yako inatoka?" Madamu alimuuliza.

"Inatoka, Madamu. Haki ya Mungu. Muulize Vidole."

Vidole ndiye alikuwa mpiga piano wake, kijana mrefu, mpole, aliyehamia kutoka chuo kingine mwaka uleule. Alikubali kumsindikiza kwa sababu wapiga piano nao wana sharti lao: lazima wamsindikize mtu, la sivyo hawahesabiwi. Vidole akathibitisha kwamba inatoka, tena inatoka kama maji ya bomba.

"Basi tatizo si koo," Madamu akaamua. "Tatizo ni woga. Unaniogopa mimi."

Tangu siku hiyo wakaanza kutibu woga. Chiriku aliimba mbele ya kioo. Aliimba amefumba macho, aliimba akitembea, aliimba akimwangalia Madamu usoni mpaka wote wawili wakacheka. Dawa zote hizo zilikuwa za ugonjwa ambao hakuwa nao. Usiku alijilaza akijilaumu: mwenzangu gani huyu ninayeishi naye ndani ya kifua, anayenisaliti nikiwa mbele za watu? Alijichukia, na kumchukia mtu asiye na hatia ni dhambi hata kama mtu huyo ni wewe mwenyewe.

Siku moja kabla ya mtihani kila mmoja alipewa nafasi fupi ya kujaribu ukumbini, kwenye piano kubwa nyeusi ambayo siku nyingine hufunikwa shuka na kufungwa kwa ufunguo. Chiriku aliimba. Kwenye ile noti, sauti ikakatika. Ukumbini hakukuwa na mtu mwingine ila viti.

"Hapa umemwogopa nani?" Vidole akauliza, na hakuwa anamtania.

Akafunga noti zake na kuondoka kwa hatua za haraka. Chiriku akamfuata hadi chumba cha mwisho. Vidole alitoa mfukoni uma wa sauti, kile chuma kidogo cha wanamuziki kinachotoa noti ileile siku zote, akaugonga gotini na kuusimamisha juu ya ubao wa piano. Kisha akabonyeza noti yenye jina hilohilo.

Hazikufanana. Ya piano ilikuwa chini.

Akajaribu nyingine, na nyingine. Zote zilikuwa chini, sawasawa, bila moja kuipita nyingine. Ndiyo maana sikio halikushtuka: piano iliyoharibika hulia ovyo, lakini hii ilikuwa imetulia kabisa katika uongo wake.

Mpiga tarumbeta mmoja wa mwaka wa tatu alikuwa akipita na chombo chake kwapani. Akachungulia. "Mnaipima hiyo? Imeshushwa nusu toni zamani, kila noti inalia kama jirani yake wa chini. Nyuzi zimechoka, fundi alisema akizivuta mpaka mahali pake zitakatika zote. Sisi wa tarumbeta hatuingii humo, hatuwezi kupatana nayo." Akawatazama usoni. "Hamkujua? Mbona kila mtu anajua!"

Hiyo ndiyo hasara ya jambo linalojulikana na kila mtu. Hakuna anayelisema.

Chiriku alikaa kwenye kiti cha piano, mikono mapajani. Hakulia. Alikuwa anaelewa polepole, na kila alichokielewa kilikuwa kibaya kuliko cha mwanzo. Hakuwa mwoga. Hakuwahi kuwa mwoga. Ile noti hakuwa nayo tu, wala hakuwahi kuwa nayo hata siku moja. Mwaka mzima alikuwa anaimba wimbo mwingine ulio jirani na wimbo wake.

Madamu aliposikia alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Wewe si sauti ya kwanza," alisema mwishowe. "Wewe ni sauti ya kati, tena nzuri. Ningejua ningekuhamisha mapema. Mimi nilikuwa nakusikia kila wiki, mwanangu, na nikakwambia unaogopa. Nisamehe."

"Si naweza kuuimba chini kidogo? Nusu toni tu, Madamu."

"Masharti yanasema kama ulivyoandikwa. Na nyimbo zilishapelekwa, haibadilishwi hata moja."

"Basi niahirishe."

"Hii ndiyo nafasi yako ya pili. Ya pili haiahirishwi." Madamu aliinamisha kichwa. "Nitakwenda kumwomba mkuu wa idara. Nakwenda kwa sababu lazima niende, si kwa sababu nina matumaini."

Alikwenda, akarudi vilevile. Maji yalikwisha kumwagika, na hapakuwa na wa kuyazoa.

Vidole alikuwa amesimama ukutani muda wote huo, uso umemshuka. "Kalale," alimwambia Chiriku. "Mimi nabaki kidogo na noti zangu."

Kesho yake mama alikuja. Alibadilishana zamu na mwenzake, akavaa gauni lake la heshima, akajipaka mafuta mikononi ili michubuko isionekane. Hakuna mgeni anayeruhusiwa ndani ya mtihani, lakini kwenye benchi la nje ya ukumbi hakuna aliyemkataza, na tangu asubuhi alikuwa ameketi hapo, mkoba magotini, akisikiliza watoto wa watu wakiimba nyuma ya mlango. Chiriku hakumwambia kitu. Angemwambiaje? Neno "nusu toni" angelitafsiri vipi kwa mtu aliyekwisha kutamba kazini?

"Nenda mwanangu," mama alimwambia. "Wewe imba tu, kama ulivyokuwa unaimba ukiosha vyombo."

Ndani walikuwa watahini watatu: Madamu, mgeni mmoja kutoka chuo kingine, na mkuu wa idara. Huyu wanafunzi walimpa jina la Sikio. Mlango ukilia bawaba, Sikio anakwambia umelia noti gani, na hakosei. Chiriku alisimama kwenye alama ya chaki, akavuta pumzi ya mtu anayekwenda kung'olewa jino, akamtikisia Vidole kichwa.

Vidole akaanza. Na kwenye sauti za mwanzo tu Chiriku akajua. Hakuwa na sikio la ajabu, ila koo lake lilijua. Wimbo ulikaa mahali pake pa zamani, pale pa chumba cha mwisho. Vidole alikuwa ameshusha kila noti, kwa kichwa chake na mikono yake, mkono wa kushoto na wa kulia. Chiriku alimtazama. Vidole hakuinua macho.

Angeweza kusimamisha. Mtu mwaminifu angesimamisha, na mimi nawajua watu waaminifu wengi ambao hawakuwahi kusimama pale. Mfa maji haachi kutapatapa. Chiriku aliimba. Aliimba kama mtu aliyeambiwa kwamba hana hatia. Kifua kilifunguka, maneno yakatoka yenyewe, na noti ile ilipofika aliishika mpaka akaona mgeni ameacha kuandika. Alikuwa na furaha. Itakuwa uongo nikisema vinginevyo.

Alipomaliza, mgeni alitabasamu. Madamu aliangalia meza. Sikio aliweka kalamu chini.

"Umeimba vizuri sana, binti," alisema, na alimaanisha. "Mpiga piano, umeanzia wapi?"

Vidole aliondoa mikono kwenye piano.

"Nakuuliza kwa sababu nimekwisha kusikia. Nataka useme mwenyewe."

"Nimeshusha nusu toni, Mwalimu. Yeye hakujua. Ni mimi tu."

"Nilijua," Chiriku akasema. "Nilijua tangu mwanzo, nikaimba."

Sikio aliwatazama wote wawili. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililokuwa gumu zaidi. Mbaya ungemtukana moyoni ukapumua. "Naweza kuwatoa wote wawili chuoni leo," alisema. "Sitafanya hivyo. Nitafanya kama hamkuwa mmeanza. Rudieni, kama ilivyoandikwa."

Vidole alifuta mikono kwenye suruali. Akaanza tena, juu, pale pa kweli. Chiriku aliimba kwa koo lililokwisha kutoa kila kilichokuwemo. Alijua noti inakuja, na kila mtu chumbani alijua, hata Madamu aliyeanza kulia mapema. Ikaja. Sauti ikakatika. Aliendelea hadi mwisho, kwa sababu wamefundishwa kwamba wimbo haukatizwi, kisha akainama kama wanavyofundishwa.

"Pole, binti," Sikio alisema. Ikawa imekwisha.

Chiriku akafungua mlango akatoka. Vidole alikuwa nyuma yake, noti zimekunjwa mkononi.

Mama alikuwa amekwisha kusimama. Mkoba ulikuwa umeanguka sakafuni na hakuuokota. Machozi yalimtiririka hadi kidevuni, naye akicheka, akamkumbatia bintiye kwa nguvu za mikono ya mfuaji.

"Nimekusikia! Mlango huu unazuia maongezi tu, kuimba nimekusikia kote! Eeh mwanangu, ile ya juu, nywele zimenisimama!" Akamwachia, akamshika Vidole mikono yote miwili. "Na wewe baba, Mungu aibariki mikono hii." Vidole alikuwa anaangalia viatu vyake. Mama akamgeukia tena Chiriku. "Najua ile ya pili koo lilichoka kidogo. Hilo si kitu, hata spika inachoka. Lakini nimekaa hapa tangu asubuhi, watoto wote wameingia wakaimba mara moja wakatoka. Wewe tu ndiye wamekuomba urudie. Au nakosea?"

Chiriku aliokota mkoba wa mama yake, akaufuta vumbi.

"Hukosei, mama," akasema. "Ni mimi tu."