Maziko ni Saa Kumi, Jikoni

Laurensia aling'oa waya wa mtandao ukutani kwa nguvu hadi plasta ikabanduka. Alichelewa. Kwenye kioo cha kompyuta, kasha la barua zinazotoka lilikuwa tupu.

"Imeenda?" aliuliza Zawadi, mpishi wa shule, akiwa mlangoni na mwiko mkononi.

"Imeenda."

"Ile yenyewe?"

"Ile yenyewe."

Inapasa kueleza, kwa heshima zote, jinsi katibu muhtasi wa shule ya bweni pale mtaa wa Picha ya Ndege, mwanamke asiyewahi kuchelewa kazini, alivyomuua mwajiri wake. Ijumaa hiyo alitakiwa kumtumia Mzee Mwinyimadi, mwenye shule, tangazo la kikao cha wazazi. Lakini juzi yake, ili kumchekesha Zawadi, alikuwa ameandika tangazo jingine, lenye fremu nyeusi:

"Kwa masikitiko makubwa, uongozi unatangaza kifo cha Mzee Mwinyimadi, kilichotokea ghafla baada ya kupaliwa na nyama aliyokuwa akiila peke yake. Maziko ni Ijumaa saa kumi jioni, jikoni. Marehemu ameacha maharage."

Mafaili yote mawili aliyaita Tangazo. Kidole kikachagua la msiba.

Mzee aliishi shambani kwake Marui, huko Kisarawe, pamoja na presha yake. Katibu aliyetangulia, Mzee alimfukuza kwa kupiga miayo kikaoni. Na Recho, binti wa Laurensia, alisoma shuleni hapo bila ada kwa sababu ya kazi ya mama yake. Kazi ikiisha, godoro la Recho nalo lingetolewa nje.

Mwalimu Shabani wa kompyuta aliitwa, akaja mbio na chaki mkononi.

"Mwalimu, irudishe."

"Dada Laurensia, hairudi. Anayetuma anaitwa SMTP. Huyo ni mpelekaji tu. Akishaikabidhi kwa seva yenye kasha la Mzee, anageuka anaondoka. Ukimwita hasikii."

"Kwa hiyo Mzee ameshaisoma?"

"Si lazima. Kuchukua ni kazi ya mwingine. Kompyuta yake ya Marui inatumia POP, njia ya zamani. POP anakuja na gunia. Mzee akiiwasha tu, anazoa barua zote, anazihamishia kwenye mashine, kule seva haachi kitu. Asipoiwasha, zinamsubiri."

Laurensia alitazama nje. Mzee huwasha kompyuta akitoka kwenye sala ya Ijumaa.

"Sasa hivi yuko msikitini," alisema.

"Basi omba imamu wao awe na mengi ya kusema."

Kisha Shabani akaiona simu ya Laurensia mezani. Mzee alikuwa ameruhusu barua zake zifunguke humo, ili Laurensia amsomee anapokuwa safarini.

"Hiyo ni IMAP," alisema Shabani. "Haibebi kitu, inaangalia tu kilichopo seva. Ukifuta hapo, kule nako kinafutika."

Laurensia aliifungua. Barua nne, zote hazijasomwa: ya muuza mbegu, ya fundi wa kisima, ya mjukuu wa Mzee, na juu yao ya kwake mwenyewe. Alipeleka kidole juu yake, akakirudisha.

"Aliniruhusu kusoma. Hakuniruhusu kufuta. Huu si wizi?"

"Ni wizi mdogo," alisema Zawadi. "Umeshaua, unaogopa kuiba?"

Akabonyeza. Barua ikatoweka. Zawadi akashusha pumzi. Shabani hakushusha.

"Mtandao upo?"

Vijistari juu ya kioo vilikuwa vimepotea.

"Basi imefutika hapa tu. Seva haijaambiwa."

Walitoka mbio, simu juu, wakapita bwalo na kamba za kuanikia sare. Wanafunzi walisimama kushuhudia katibu wao akipanda kwenye jukwaa la tangi la maji, viatu mkononi, na kuinua simu mbinguni. Kimduara kilizunguka kwenye kioo. Spika ya msikiti wa jirani ilitoa salamu ya mwisho wa sala, kisha ikanyamaza. Kama hapa wamemaliza, Marui je?

Vijistari vikarudi. Kimduara kikaacha kuzunguka.

"Ipo?" aliuliza Zawadi kutoka chini.

"Haipo."

"Si nilikwambia? Shuka, shoga yangu, utavunjika mguu bure."

Laurensia hakushuka. Alimtafuta muuza mbegu. Alimtafuta fundi wa kisima. Alimtafuta mjukuu. Kasha lote lilikuwa jeupe.

"Mwalimu," alisema polepole, "mimi nilifuta moja."

Shabani alitazama viatu vyake. "Gunia," alisema.

Ofisini, Laurensia aliuchomeka waya ukutani, kwenye lile tundu lililobanduka plasta. Kompyuta ilikawia, kisha ikaleta barua moja, kutoka kwa Mwinyimadi.

"Nimepokea taarifa ya msiba. Nitahudhuria maziko."

Aliisoma mara mbili. Zawadi aliisoma mara moja, akaenda kukaa.

Jua lilipoanza kuinama, Laurensia alichukua kiti kizuri cha ofisini, akakipeleka jikoni, akakifuta vumbi kwa ncha ya kitenge chake. Alikiweka karibu na sufuria ya maharage. Kisha akakisogeza kidogo, kitazame mlangoni.

Nje, honi ililia mara moja, na mlinzi akaanza kufungua geti.